Uwanja Uliofagiwa: Namna ya Kupanga Mazingira ya Nyumba Ili Moto Kichaa Usiifikie

Moto wa nyika hutanguliza cheche. Miali yenyewe inaweza kuwa bado ng'ambo ya bonde wakati vipande vya magome na nyasi vinavyowaka vimekwisha kubebwa na upepo na kutua nyumbani: kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye gata, chini ya upenu, kwenye rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, kwenye mkeka uliosahauliwa barazani. Hapo huanza moto mdogo ambao ndoo moja ingeuzima, kama pangekuwa na mtu wa kuuona. Kwa hiyo kazi ya kuilinda nyumba hufanywa miezi kabla, kwa jembe, reki na fagio, na sehemu kubwa yake hufanywa karibu na ukuta, si mbali.

Bibi aliyekuwa akifagia uwanja wa udongo kila alfajiri kwa fagio la chelewa alikuwa anafukuza nyoka na kuweka heshima ya mji wake. Bila kusema hivyo, alikuwa pia anauzuia moto. Uwanja mtupu ulioizunguka nyumba ndio ulinzi ambao wataalamu wa California na Australia wanaufundisha leo. Tumeupoteza wenyewe tulipoanza kupanda uzio wa msaipresi unaogusa bati na maua yaliyotandazwa maranda hadi chini ya dirisha.

Mwongozo huu ni kwa nyumba inayopakana na nyika, msitu wa miombo, malisho au shamba la miti: Mufindi, Tabora, Songea, miteremko ya Kilimanjaro, Laikipia, Taita na kwingineko penye kiangazi kirefu. Tunachukulia nyumba ya matofali na bati. Nyumba ya makuti au nyasi ina sehemu yake mbele.

Kabla ya kushika jembe

Zunguka nyumba mara moja ukiwa na kamba ya mita 30, daftari na pima maji. Unatafuta mambo matatu.

Kwanza, upepo wa kiangazi unatoka wapi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, sehemu kubwa ya Tanzania upepo hutoka kusini-mashariki; watu wa pwani huuita kusi. Kiangazi cha Januari hadi Machi, ambacho ndicho huleta moto katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, kina upepo wa kaskazini-mashariki, kaskazi. Lakini bonde na kilima hugeuza upepo, kwa hiyo usiamini ramani. Funga kitambaa kwenye mti na ukiangalie saa nane mchana kwa siku kadhaa. Upande ule unapotoka upepo ndio utakaosafishwa kwanza na kwa upana zaidi.

Pili, mteremko. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu miali inalamba na kukausha majani yaliyo juu yake kabla haijayafikia. Kanuni ya wazimamoto ni kwamba kila mteremko unapoongezeka kwa digrii 10, mwendo wa moto unaopanda karibu huongezeka maradufu. Nyumba iliyojengwa ukingoni, yenye mandhari nzuri ya bonde, ndiyo iliyo hatarini zaidi, na hatari yake iko chini yake. Kupima ni rahisi: nyoosha kamba ya mita 10 kuelekea bondeni, iweke sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya kamba hadi ardhini. Ukipata chini ya mita 2, mteremko ni wa kawaida. Kati ya mita 2 na 4 ni mkali. Zaidi ya mita 4 ni mkali zaidi. Kwenye miteremko hiyo miwili, nafasi kati ya mimea zitakazotajwa hapa chini lazima ziongezwe.

Tatu, chakula cha moto. Andika kila kitu kinachoweza kuwaka kati ya ukuta na mita 30, na uandike kinagusana na nini. Unachotafuta hasa ni mlolongo: nyasi zinagusa uzio, uzio unagusa banda la kuku, banda linagusa upenu. Mlolongo huo ni utambi, na nyumba yako ni koroboi. Huna haja ya kuondoa kila kitu. Una haja ya kuukata utambi mahali pengi.

Ukanda wa kwanza: kutoka ukutani hadi mita 1.5

Hapa hakuna mjadala: pasiwe na kitu chochote kinachowaka. Ukiwa na nguvu za siku moja tu, zitumie zote hapa.

1. Ng'oa mimea yote, pamoja na ile inayotambaa ukutani. Bougainvillea inapendeza, lakini ndani ya ule ujani wa nje kuna kiota kizima cha vijiti vikavu.

2. Kwangua udongo hadi uwe mtupu, ukiupa mwinamo wa kutoka ukutani ili maji ya mvua yasirudi kwenye msingi. Sentimita 5 za mwinamo kwa upana huo wa mita 1.5 zinatosha.

3. Chagua: udongo ulioshindiliwa na kufagiwa, vitofali vya kupanga chini, au kokoto. Udongo ni bure ila unadai fagio kila siku, na matone ya mvua kutoka paani huuchimba. Kokoto zinakaa, lakini majani makavu hujificha katikati yake na fagio haliyatoi. Utahitaji reki ya meno membamba. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 8, ukanda huu ni mita za mraba 63. Ukitandaza kokoto kwa unene wa sentimita 5 utahitaji karibu mita za ujazo 3.2, yaani kama tani 5. Gari la tani 3 litakwenda safari mbili. Usikubali dereva akudanganye kwamba moja inatosha.

4. Usitandaze nailoni chini ya kokoto kuzuia magugu. Kokoto zikisogea, nailoni hutokeza na huwaka.

5. Ondoa kuni, magunia ya mkaa, mabanzi yaliyobaki kwenye ujenzi, mabox, matairi ya zamani na viti vya plastiki. Mtungi wa gesi ulio nje uwe kwenye zege au kokoto, bila nyasi wala kitu kinachowaka ndani ya mita 3.

6. Panda ngazi. Toa majani kwenye gata na kwenye mabonde ya paa, pale paa mbili zinapokutana. Kisha tazama upenu: nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na bati ili hewa ipite ndiyo mlango wa cheche kuingia darini, na darini kuna kenchi kavu za mbao. Ziba kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wavu wa mbu wa nailoni haufai, unayeyuka. Wavu wa chuma wenye matundu madogo kupita kiasi nao huziba kwa vumbi na buibui, na dari linaanza kuota ukungu.

Kosa la kawaida katika ukanda huu ni kurudi nyuma kidogo kidogo. Baada ya mvua mbili mtu anaweka vyungu vya maua, kisha benchi, kisha kuni "za wiki hii tu". Chora mpaka kwa mstari wa mawe, ili kila mtu wa nyumbani aone panapoishia.

Ukanda wa pili: mita 1.5 hadi 10

Huu ni ukanda wa bustani. Mimea inaruhusiwa, lakini iwe mifupi, mibichi na iliyotengana.

Kwa kutandaa chini, ukoka unaokatwa usizidi sentimita 10 unafaa. Matembele yanafaa zaidi: yanafunika udongo, yanabaki na maji hata kiangazi kikianza, na yanapikwa. Mchicha, vitunguu na bustani nyingine ya mboga inayomwagiliwa ni kinga moto nzuri upande wa upepo. Mshubiri na mimea mingine yenye majani manene ya maji haishiki moto kirahisi, mradi uondoe majani yake makavu ya chini.

Mgomba unastahili maneno machache. Shina lake limejaa maji, na shamba la migomba lililotunzwa linaweza kuupunguza nguvu moto wa nyasi. Lakini mgomba uliotelekezwa, wenye majani makavu yaliyoning'inia kama sketi hadi chini, ni ngazi ya kupandishia moto. Uweke angalau mita 3 kutoka ukutani, na kila wiki mbili katika kiangazi punguza majani makavu. Kisha yatoe shambani. Desturi ya kuyatandaza chini ili kuhifadhi unyevu ni nzuri kwa kilimo na mbaya ndani ya mita 10 za nyumba, kwa hiyo mwisho wa kutandaza ni kwenye mpaka huo. Maji ya kuoshea vyombo na ya bafuni yaelekezwe hapo kwenye migomba, kwa mfereji au bomba.

Vichaka vipandwe kwa vikundi vidogo, na kati ya kikundi na kikundi pawe na nafasi isiyopungua mara mbili ya urefu wa kichaka. Kichaka cha mita 1 kinadai mita 2. Kwenye mteremko mkali dai mara nne, na kwenye ule unaozidi mita 4 kwa kila 10, mara sita. Pitisha vijia vya udongo au mawe vyenye upana wa mita 1 kukata bustani vipande vipande. Vinasaidia kupita na vinazuia moto unaotambaa.

Ipo mimea ambayo haifai kabisa ndani ya ukanda huu. Msaipresi, ule unaokatwa kuwa mti wa Krismasi, una mafuta, na uzio wake uliopunguzwa vizuri kwa nje ni mkavu ndani. Ukishika, huwaka wote kwa mara moja. Mkaratusi una mafuta kwenye majani na humwaga magome marefu ambayo yakishika moto upepo huyabeba mbali. Msonobari na mvinje hudondosha majani membamba yanayojaza gata na kutandaza zulia linalowaka. Lantana hukauka katikati huku ikionekana kijani. Mabingobingo, chakula kizuri cha ng'ombe, yakiachwa yakomae na kukauka hufika urefu wa mtu na nusu. Yapandwe ng'ambo ya mita 10, na yakatwe kabla ya Juni.

Kuni, mkaa, mabua ya mahindi na majani ya ng'ombe yakae angalau mita 10 kutoka nyumbani, pembeni au juu ya mteremko, kamwe si chini yake. Banda la kuku na choo cha nje kilichoezekwa nyasi vihesabiwe kama rundo la kuni. Kama huwezi kuvihamisha, viezeke bati na uvifagilie ukanda wao wa mita 1.5.

Miti

Mti mmoja mkubwa uliotunzwa si adui. Mwembe wenye kivuli kizito huzuia nyasi kuota chini yake na hupunguza kasi ya upepo. Huko Afrika Magharibi mkorosho umepandwa katika mistari kama ukuta wa kuzuia moto kwa sababu hiyo hiyo: kivuli chake huua nyasi. Yote mawili yana sharti moja, kwamba majani yaliyodondoka yafagiwe.

Kata matawi yote yaliyo ndani ya mita 3 kutoka paani na kwenye dohani. Kisha inua kichwa cha mti: ondoa matawi ya chini hadi mita 2 kutoka ardhini. Kwa mti mfupi usizidishe theluthi moja ya urefu wake, la sivyo utaudhoofisha. Kama chini ya mti pana kichaka, nafasi kati ya juu ya kichaka na tawi la chini iwe mara tatu ya urefu wa kichaka. Kichaka cha mita 1.5 kinadai tawi lianze mita 6 kutoka ardhini. Mara nyingi jawabu jepesi ni kung'oa kichaka.

Nafasi kati ya vichwa vya miti, ncha ya tawi hadi ncha ya tawi, iwe mita 3 kwenye tambarare, mita 6 kwenye mteremko mkali na mita 9 kwenye ule mkali zaidi. Watu wengi hupima kati ya mashina, na hapo ndipo wanapokosea.

Ukanda wa tatu: mita 10 hadi 30, na barabara ya moto

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliuchoma msitu kwa makusudi kaskazini mwa Kanada wakiwa wamesimamisha kuta za mbao kwa umbali wa mita 10, 20 na 30. Katika baadhi ya majaribio ukuta wa mita 10 ulishika moto. Kuta za mita 20 na 30 hazikushika. Sheria ya California nayo hudai futi 100, yaani mita 30. Kwa hiyo hapa lengo si kufyeka kila kitu. Ni kuushusha moto kutoka kwenye vichwa vya miti uje chini, na kuudhoofisha.

Fyeka nyasi zibaki sentimita 10. Punguza miti midogo inayosongamana. Ondoa magogo makavu yaliyolala, isipokuwa yale yaliyozama udongoni. Acha mashina na mizizi, hasa kwenye mteremko: ukipalilia hadi udongo mtupu kwenye mita 30 zote, mvua za Novemba zitakupelekea shamba bondeni. Matuta ya fanya juu, yale ya Machakos ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu kuwa tuta, yanaweza kufanya kazi mbili hapa: mtaro unazuia maji, na ukisafishwa unakuwa mstari wa udongo mtupu unaokata njia ya moto. Tuta lipandwe majani mafupi, si mabingobingo.

Pembezoni, upande wa upepo na upande wa bonde, tengeneza barabara ya moto. Upana wake uwe mara mbili hadi tatu ya urefu wa majani yanayopakana nayo: nyasi za mita 2 zinadai mita 4 hadi 6. Katikati ya barabara hiyo kwangua udongo mtupu kwa upana wa mita 1 hadi 2. Sehemu iliyobaki ikatwe fupi tu. Isimalizikie katikati ya nyika. Ianze na kuishia kwenye kitu kisichowaka, kama barabara, mto, mwamba au shamba lililolimwa, maana moto huzunguka ncha.

Barabara ya moto haizuii cheche. Inazuia moto unaotambaa, na inakupa mahali pa kusimama. Mtu aliyelima barabara ya mita 10 huku ameacha gata zimejaa majani amejilinda dhidi ya moto mdogo tu.

Kama jirani yako ni shamba la misonobari au mikaratusi, zungumza naye kabla ya kiangazi. Kusafisha mpaka kwa pande zote mbili, kila mmoja upande wake, kunatoa upana maradufu kwa nguvu zile zile.

Kukata nyasi bila kuanzisha moto

Wakati ni kila kitu. Penye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Tabora na Ruvuma, kata mwishoni mwa Mei na Juni, nyasi zikiwa zimeacha kukua lakini bado zina unyevu. Ukikata Machi zitaota tena. Ukisubiri Septemba, panga likigonga jiwe linatosha kuwasha moto. Kata ya pili fupi ifanyike Agosti. Mashine ya kukatia majani yenye kisu cha chuma isiwashwe mchana wa kiangazi. Maliza kabla ya saa nne asubuhi, uwe na ndoo mbili za maji karibu, na usijaze petroli ukiwa umesimama kwenye nyasi kavu au injini ikiwa ya moto.

Nyasi ulizokata ziondolewe. Hili husahauliwa kuliko lolote. Nyasi zilizolazwa chini hukauka haraka kuliko zilizosimama, na ukiziacha umetandaza godoro la moto. Wape ng'ombe, au zipeleke shimo la mboji lililo mbali na nyumba. Rundo kubwa la majani mabichi hupata joto ndani yake lenyewe, kwa hiyo lisizidi kimo cha kiuno na ligeuzwe.

Dawa ya kuua magugu haitoshi peke yake. Nyasi ndefu zilizopuliziwa hufa zikiwa zimesimama, na nyasi mfu iliyosimama ni mbaya kuliko ile ya kijani uliyokuwa nayo. Kata kwanza, ngoja majani mapya yafike kiganja, ndipo upulizie.

Mbuzi na ng'ombe ni mashine nzuri kwa ukanda wa tatu, wakifungwa kwa kamba na kuhamishwa. Mbuzi hula vichaka pia. Wasifungwe penye miti michanga unayoipenda.

Vipi kuhusu kuchoma mapema? Ni njia halali ya wataalamu wa misitu, lakini kwa mwenye nyumba mmoja ni hatari. Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 inadai kibali kabla ya kuchoma majani. Uliza ofisi ya kijiji na afisa misitu. Vilevile usichome takataka kiangazi. Chimba shimo la kina cha mita 1 na uzike.

Nyasi zinadharauliwa kwa sababu zinaungua kwa dakika chache. Huko Lahaina, Hawaii, Agosti 2023, mji uliteketea na watu wapatao 100 walikufa. Chakula kikubwa cha moto ule kilikuwa nyasi ngeni zilizotanda kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, na miongoni mwake ni majani ya Guinea, yenye asili ya bara letu na yanayoota hapa kila pembe ya shamba.

Uzio

Uzio unaogusana na nyumba huleta moto hadi ukutani. Mita 1.5 za mwisho ziwe za tofali, mawe, au geti la chuma. Uzio wa makuti, mabua au fito uondolewe ndani ya mita 10. Seng'enge kwenye nguzo ni salama ikiwa nyasi chini yake zinakatwa. Nguzo za mbao zikwanguliwe udongo kwa nusu mita kuzizunguka.

Mnyaa hupendwa kwa uzio kwa sababu haukauki. Ukiwa mbichi una maji mengi, lakini vijiti vilivyokufa ndani yake na nyasi zilizopanda katikati huwaka. Ukiupunguza, linda macho: utomvu wake unaweza kupofusha kwa muda.

Nyumba ya makuti au nyasi

Hapa lazima kusema wazi: hakuna bustani itakayoilinda paa la makuti dhidi ya cheche. Usafi wa uwanja unapunguza idadi ya cheche zinazoanzia karibu, basi. Kumwagia maji kabla ya moto kufika kunasaidia kwa muda mfupi, kwani makuti yametengenezwa ili yateremshe maji. Yapo majimaji ya kupulizia yanayopunguza kuwaka, lakini mvua huyapunguza nguvu na hudai kurudiwa. Baadhi ya hoteli za pwani huweka mabomba ya kunyunyizia kileleni. Yanafaa kama pampu ina jenereta yake.

Ukiwa na nyumba mbili, ya bati na ya makuti, zitenganishe kwa mita 10 au zaidi, na jiko la kuni lisiwe upande wa upepo. Ukiwa na uwezo wa kubadilisha paa moja tu, badilisha ile ya nyumba ya kulala.

Maji na vifaa

Umeme hukatika moto ukija, na pampu hufa nao. Weka tangi lisilopungua lita 1,000 likiwa limejaa kiangazi chote, na usilitumie kwa matumizi ya kila siku. Tangi la plastiki huyeyuka, hivyo nalo linahitaji ukanda wake mtupu wa mita 3. Bomba la plastiki lifukiwe sentimita 30, na sehemu inayotokeza juu pamoja na koki iwe ya chuma. Usitegemee mpira wa kumwagilia: tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 lina msukumo mdogo mno kurusha maji paani.

Kifaa chenye faida kubwa kwa bei yake ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lita 16 au 20, lililooshwa vizuri na kuwekewa maji matupu. Mtu mmoja nalo anaweza kuzima cheche nyingi kuzunguka nyumba. Ongeza ndoo nne za chuma, jembe mbili, reki ya chuma, ngazi inayofika paani, na mfuko wa mchanga. Viweke pamoja mahali pamoja, si stoo iliyofungwa na ufunguo wa baba aliye safarini. Njia ya gari kuingia iwe na upana wa mita 4 na matawi yake yakatwe hadi mita 4 kwenda juu, gari la zimamoto lipite. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114. Kenya piga 999 au 112. Ziandike mlangoni.

Moto ukionekana

Piga simu kwanza. Funga madirisha na milango, teremsha mapazia, ingiza ndani kila kitu kilichokaushwa nje. Jaza ndoo na uzipange pembe nne za nyumba. Fungua mifugo au ihamishie kwenye ardhi iliyolimwa. Watoto, wazee na wagonjwa waondoke mapema, kabla moshi haujaziba njia. Vaa pamba na viatu vya ngozi, si polista wala kandambili za plastiki.

Moto wa nyasi fupi huzimwa kwa matawi mabichi ukipiga kuelekea eneo lililokwisha kuungua, ukiwa umesimama upande huo. Usimkabili moto unaopanda mlima kutoka juu. Miali ikizidi kimo chako, hiyo si kazi ya matawi, ondoka.

Mstari wa mbele wa moto ukishapita, kazi ndiyo inaanza. Zunguka nyumba kila robo saa kwa saa kadhaa za kwanza, ukiangalia upenu, dari, rundo la kuni, nguzo za uzio na mashimo ya miti. Mizizi na magogo yanaweza kuendelea kuungua chini kwa chini hadi kesho yake, na upepo wa mchana ukirudi yatatoa moto upya. Usiku zima taa utazame: cheche iliyofichika mchana huonekana gizani.